Springi Laini za Mzee Mutegi

Tulipomzika Fundi Kobia mwezi uliopita, kule juu Maua, mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema, "Huyu tunayemlaza leo hakuwahi kusema uongo." Niliinama haraka nikafunika uso kwa leso, na akina mama waliokaa nyuma yangu wakaanza kunipapasa mabega. "Pole mama, lia tu, usijizuie." Sikuwa nalia. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zikaachana, kila moja ikashika njia yake. Fundi Kobia alidanganya wateja asubuhi, akadanganya mchana, na jioni akirudi nyumbani alimdanganya paka. Lakini nikiwa bado nimeinama nilikumbuka kwamba mchungaji, bila kujua, alikuwa amesema nusu ya kweli. Kulikuwa na watu wa aina moja ambao Fundi hakuweza kuwadanganya hata kwa kisu shingoni. Siku mmoja wao alipokuja gereji, mimi ndiye niliyedanganya badala yake. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Nimesoma masomo ya jioni nikapata cheti, nimelea watoto watatu na mume mmoja, na jambo lile bado halijaninyookea. Labda nikiliandika litalegea.

Jinsi msichana wa Manyatta, Embu, alivyofika Maua kufanya kazi ya springi ni hadithi ndefu na nusu yake siiamini mwenyewe. Niseme tu kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuja kuuza chai pale gereji, na siku moja nikamshikia Fundi jani la springi, moja ya zile kanda za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine chini ya gari, alipigilie. Sikuliachia mpaka mwaka ukaisha. Chai ikawa inajiuza yenyewe. Gereji ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, kimeegemea nyumba ya Fundi kama mlevi anayeegemea rafiki yake, na sakafu yake ilikuwa nyeusi kwa grisi kiasi kwamba kuku akipita alitoka amebadilika rangi. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milima ya Nyambene ukaingia ndani bila kubisha, na ndani ya ukungu huo ulisikia nyundo: ta, ta, ta, halafu kimya, Fundi akikodolea chuma jicho moja. Hakuwa na kipimo chochote. Alilaza jani juu ya kipande cha reli, akaligonga kuanzia katikati kwenda mwisho, kila pigo limepita lingine kwa upana wa kidole, na jani lilijikunja pole pole kama mtu anayeamka. Alinifundisha kusikiliza. Jani zima hulia kama kengele. Lenye ufa hukohoa.

Wateja wetu karibu wote walikuwa wabebaji wa miraa. Hao walitaka jambo moja tu: ongeza. Pikapu ilikuja na majani matano kila upande, ikaondoka na tisa, kumi, kumi na moja, mengine yametolewa kwenye lori lililokufa. Hivyo hata ikipakiwa mabunda mpaka yapite kichwa cha dereva, mkia haukulala. Na kwa kila jani Fundi alikuwa na uongo wake. "Hiki chuma, kijana yangu, kimetoka kwa treni ya Mombasa." "Hiki nimeletewa na Wajerumani." Dereva alijua ni uongo, Fundi alijua kwamba dereva anajua, na wote wawili waliachana wakiwa na furaha. Mimi niliyatazama hayo nikajifunza, maana mwanafunzi hufuata mwalimu.

Ilikuwa Jumatatu, nakumbuka kwa sababu Mama Karimi, mke wa Fundi, alikuwa ametupikia mukimo wa ndizi, chakula ambacho kwake kilikuwa cha Jumatatu tu, na sababu yake hakuwahi kuitaja. Tulikuwa bado tunakula pale mlangoni pikapu ya kijani ilipoingia ikirukaruka, barabara ikiwa kavu na nyuma hamna kitu. Akashuka mzee mrefu, mwembamba, koti la suti juu na akala za tairi chini. Fundi alimwona, akaweka sahani chini, akafuta mikono kwenye suruali mara mbili, akasimama wima kama mtoto wa shule aliyeitwa ofisini. Sikuwahi kumwona Fundi akisimama kwa ajili ya mtu. Hata chifu alimsalimia akiwa chini ya gari.

"Kobia," mzee akasema.

"Mzee Mutegi. Karibu. Huko Tharaka mvua imefika?"

"Bado siku chache. Ndiyo maana nimekuja." Aligusa bodi ya pikapu. "Mama Ciambaka wangu alianguka akitoka mtoni na maji. Ni nyonga. Hapa hospitali wameshikilia mfupa kwa chuma, na Alhamisi wanamruhusu. Daktari amesema asitikiswe. Mvua ikinyesha, ule mto unafunga njia, na yeye hataki kungoja huku kwa wageni mpaka njia ifunguke. Sasa nina hili gari tu. Nililinunua kwa mtu wa miraa. Linaruka kama mbuzi. Nataka unifanyie springi laini."

"Laini," Fundi akarudia, kama anayeonja neno la kigeni.

"Laini. Unajua kufanya laini?"

Mimi nilikaa sawa kusubiri uongo mtamu. Fundi angesema laini ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Badala yake alifungua mdomo, akaufunga. Jasho likamtoka katika baridi ile ya Maua. Alitazama pikapu, akatazama kucha zake. Mzee Mutegi alingoja tu. Mukimo wangu ulipoa, na niliona aibu kwa niaba ya gereji yote. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoondoka bila mimi.

"Anajua sana, Mzee! Si tulifanya ya askofu kule Embu? Askofu alilala nyuma kutoka Embu hadi Isiolo. Alipoamka akauliza mbona hatuwashi injini."

Mzee Mutegi alinitazama. Akamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama chini.

"Basi," mzee akasema. "Alhamisi asubuhi." Akaacha ufunguo juu ya boneti akaenda zake hospitali kwa miguu.

Fundi hakuongea mpaka akala za mzee zikaacha kusikika. Kisha akasema taratibu, bila hasira, jambo lililonitisha zaidi ya matusi, "Igoki, umeniua."

Alinieleza akiwa ameketi juu ya tairi. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Mutegi zilikuwa na gichiaro, udugu ulioapwa na mababu zao siku za vita na njaa ambazo hakuna anayezikumbuka tena. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, hukatai. Akikuuliza, humdanganyi. Ukimdanganya, baya litakalofuata litakuja juu yenu wote, na huwezi kulichagulia mahali. "Na unajua litakwenda wapi?" akaniuliza. "Kwa ile nyonga." Nikamuuliza mbona basi hakumwambia tu kwamba hajui kufanya laini. "Nilikuwa nataka kumwambia! Unafikiri ni rahisi? Miaka thelathini naitwa Fundi. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia, wewe ukaleta askofu!"

Mimi nilikuwa nalala chumba cha kando ya jikoni, na kati yangu na jiko kulikuwa na ukuta wa mbao wenye nafasi za kupitisha mkono. Jioni ile, moshi na maneno vyote vilinifikia. Waliongea Kimeru, nami kwa Kiembu changu niliokota maneno mawili katika kila matatu, yale ya katikati nikajaza mwenyewe.

"Huyo msichana si wetu," Fundi alikuwa anasema. "Ni wa Embu. Hana gichiaro na mtu yeyote huku. Uongo wake ni wake."

"Anakula sufuria ya nani?" Mama Karimi akauliza.

"Yako."

"Analala nyumba ya nani?"

Mwiko ukagonga sufuria.

"Basi uongo ni wako. Ama ni wa sufuria. Chagua."

"Nikienda hospitali sasa hivi nimwambie?"

"Mbele ya mgonjwa? Umwambie mke wake atabebwa na gari ambalo hujui? Tengeneza kwanza. Ukiweza, uongo utakuwa umekuwa kweli."

"Uongo hauwi kweli, Mama Karimi. Unakuwa tu uongo uliobahatika."

Nililala nikigeuka. Kama mimi ni mgeni, basi uongo wangu hauna nguvu, na nyonga iko salama. Lakini kama uongo wangu hauna nguvu kwa sababu mimi ni mgeni, basi mwaka mzima wa kula mukimo wa Jumatatu haukunifanya mtu wa nyumba ile. Sikujua niombe lipi. Niliomba yote mawili, nikamwachia Mungu apange.

Jumanne tulifungua. Tuliinua mkia wa pikapu kwa jeki, tukategemeza magogo, tukakata yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zilizoshikwa na kutu, springi zikaanguka chini kwa kishindo kilichoamsha mbwa mpaka Kangeta. Kila upande majani kumi na moja, na Fundi aliyatambua kama mtu anayetambua watoto wake gerezani. "Hili niliweka mimi. Na hili. Na hili." Hata lile la Wajerumani lilikuwepo. Tulipotoa bolti ya katikati hayakuachana. Yalikuwa yameoteana kutu, yamekuwa gogo moja la chuma. Tuliyabandua kwa patasi. Fundi akatoa sita kila upande, akayatupa kando, akarudisha yaliyobaki. Kisha tukaweka godoro nyuma, na mimi nikalala juu yake, kwa sababu lazima mtu alale, na Fundi alisema mwenye askofu ndiye atakayekuwa mgonjwa. Akalizungusha lile gari kwenye barabara ya mashamba ya chai. Gari sasa lilikuwa limelala mkia chini, na kila shimo ekseli iligonga fremu. Shimo la tatu lilinirusha juu kiasi cha kuona bwawa la Kiambere kule kwetu Embu, maji yake yote, na samaki wawili. Nilipotua nilikuwa nimeuma ulimi.

"Laini?" Fundi akauliza dirishani.

"Fundi, mgonjwa amekufa."

Jioni nilikwenda darasani kama kawaida, saa kumi na moja, katika shule ya msingi ambako sisi watu wazima tulikunja magoti chini ya madawati ya watoto. Kitabu cha sayansi kilikuwa kwenye msuguano. Msuguano ni nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze. Nilisoma mstari ule mara kumi, na badala ya picha ya sanduku linalosukumwa sakafuni niliona yale majani yameoteana. Springi haipindi kwa nguvu ya chuma peke yake; kila jani linateleza juu ya mwenzake, na yakikataa kuteleza ni kama huna springi, una nondo. Nilirudi nikikimbia kumwambia Fundi. Alikuwa anaosha miguu kwenye karai.

"Hicho kitabu," akasema, "kimewahi kushika springi?"

"Hapana."

"Basi kiambie kije kesho saa moja asubuhi."

Lakini kesho yake saa moja alikuwa ameshaanza kusugua kutu kwa brashi ya waya. Jumatano tulifanya kazi ambayo Maua haikuwahi kuona. Tulichagua majani sita kwa kila upande, yaliyolia kama kengele. Tuliyasugua mpaka yakawa meupe. Fundi aliyakunja upya moja moja, akanipa nyundo nikunje mawili, akayakodolea jicho asiseme kitu, na kwake huo ulikuwa wimbo wa sifa. Tulipiga tupa zile ncha kali zinazochimba jani la juu, tukapaka grisi katikati, na kila ncha tukaiwekea kipande cha mpira wa tairi isagie hapo. Bushi mpya, zile pete za kushikia ncha za springi. Yubolti hatukuzikaza mpaka gari liliposhuka chini likasimama na uzito wake. Mkia sasa ulikuwa sawa. Nikalala tena godoroni, tukaenda. Nilirushwa, ila kidogo, kama mtu anayetikiswa aamke. Si mbaya kwangu mimi mwenye nyonga zangu mbili. Kwa yule mama ilikuwa bado mbaya.

Njiani wapakiaji wanne wa miraa walituomba lifti. Walipanda, wakakaa kando ya godoro wakinicheka. "Dada, umechoka na dunia?" Na kutoka hapo hadi stendi gari lilitulia. Nilisikia shimo likija, nikajikaza, halafu shimo likapita chini yetu kama jambo linalowahusu watu wengine. Waliposhuka, kurushwa kukarudi. Nilimweleza Fundi. Akasema nimezoea tu.

Alhamisi asubuhi Mzee Mutegi alikuja. Alizunguka pikapu, akabonyeza mkia kwa mkono, ukashuka ukapanda. Akatabasamu. Fundi hakumwacha amalize kutabasamu.

"Mzee. Sijui kufanya laini. Sijawahi. Nimejaribu na nimefika nusu. Hakuna askofu. Huyu alisema uongo, nami nilinyamaza, kwa hiyo ni mimi nilisema."

Tabasamu la mzee likabaki usoni bila mwenyewe. Kule chini tayari kulikuwa na mawingu. Aliangalia mawingu, akaangalia njia ya hospitali, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa mtu aliyekaa siku nyingi kwenye benchi la wodi, koti lile lile, akihesabu mvua. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Maua ni mwamba. Akanigeukia.

"Wewe. Ulilala humo ndani?"

"Nililala, Mzee."

"Inakuaje?"

Sikujua nimjibu nikiwa nani. Mgeni angeweza kusema lolote. Wa nyumbani asingeweza. Nikaamua kusema tu nilivyoona, bila kuongeza hata samaki mmoja. "Nyuma ikiwa tupu, inarusha. Siyo sana, lakini inarusha. Jana wanaume wanne walipanda. Walipokuwa ndani haikurusha."

Mzee Mutegi na Fundi walitazamana. Niliona Fundi akielewa. Jambo lilimpanda kutoka miguuni. Miaka thelathini alikuwa amejenga magari ya kubeba mzigo, na gari la mzigo likikosa mzigo lina hasira. Halikuwa limekosa ulaini. Lilikuwa limekosa watu.

"Kobia," mzee akasema, "nakuomba wewe na nyumba yako mpande."

Ilikuwa siku ya soko. Pikapu tatu za miraa zilikuwa zimepanga foleni, madereva wakipiga honi. Fundi aliomba kwa macho njia ya kukwepa, na hakuna aliyempa. Ukiombwa hukatai. Akavua aproni. Mama Karimi akatoka jikoni akijifunga kitambaa, akasema yeye ni kilo tisini na hajawahi kusikia raha hivyo kuzitaja. Tukapita hospitali. Wauguzi wakamlaza Mama Ciambaka katikati ya godoro, mwanamke mdogo, mkavu, macho makali, na sisi tukamzunguka. Ilipoonekana bado mkia uko juu, Mzee Mutegi alitembea kwenye lango akiuliza koo za watu. Kila wa gichiaro aliyempata alimwambia, "Panda." Mmoja alikuwa na kuku wawili. Mwingine alikuwa amekuja kung'olewa jino. Walipanda bila kuuliza wanakwenda wapi. Tulikuwa kumi na mmoja tukiondoka, na kuku.

Njia ya Tharaka inashuka kama ngazi ya mtu aliyejenga akiwa na haraka. Mzee aliendesha kwa mwendo wa mazishi. Mimi nilikaa upande wa kichwa cha mgonjwa, na kwa kila shimo nilitazama uso wake, nikisubiri uongo wangu uje kuchukua haki yake. Fundi alikuwa amelala kifudifudi, sikio limebandikwa kwenye bodi, akisikiliza majani chini. "Yanateleza," alisema kila baada ya muda, kwa sauti ya chini, kama anayemwombea mtu. "Yanateleza." Mama Ciambaka alikuwa amekaza meno, shingo imesimama, hatikisi kichwa hata kidogo. Nilijua ni maumivu. Tulivuka mto magurudumu yakiwa kwenye mchanga mkavu, na tulipopanda ng'ambo matone ya kwanza yakaanza kupiga paa la gari.

Nyumbani kwake walimshusha na godoro lake. Mguu ulikuwa umenyooka. Mzee Mutegi akamgusa unyayo, na vidole vyote vitano vikacheza. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, mwenye jino akasahau jino. Tukapewa uji wa mawele, mzito, wa moto.

"Umeumia njiani?" Mzee akamuuliza mkewe.

"Nyonga? Hapana. Nyonga ilikuwa imelala." Akajishika kisogo. "Lakini huyu msichana amenikalia kitambaa cha kichwa tangu Maua. Shingo yangu imekwisha!"

"Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambiaje ainuke? Si ni mtu wa gichiaro?"

Mzee Mutegi akamgeukia Fundi. "Kobia. Huyu ni wa gichiaro, ama siye?"

Fundi Kobia alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kushoto, kulia, juu kwenye mvua iliyokuwa imekuja kweli sasa. Aliulizwa na mtu ambaye hamdanganyi.

"Sijui," akasema.

Wakanitazama wote, kana kwamba mimi ndiye nilikuwa na jibu. Nikainua kibuyu cha uji nikanywa, nikaendelea kunywa, na Mama Ciambaka, bila kugeuza shingo, akasema, "Mwongezeni."